Safu ya Mkono wa Juu

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi si mzima sana, lakini nimeshika kalamu, kwa hiyo usianze kulia.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Mwaka jana nilikupigia mara hamsini na tatu. Ulipokea kumi na tisa. Katika hizo, kumi na nne uliniambia, "Dada, niko maabara, nitakupigia." Ulinipigia mara mbili, na moja ilikuwa bahati mbaya, nikasikiliza mfuko wa suruali yako dakika nzima. Barua huwezi kuikata katikati. Halafu karakana yangu ni chumba kimoja chenye cherehani saba na mafundi sita, maana yake masikio kumi na mawili yasiyo yangu. Sitaki mwili wangu ujadiliwe na mtu wa overloki, ile mashine ya kumalizia pindo.

Sasa sikiliza. Vidole vimefika pabaya. Asubuhi nahitaji dakika arobaini kabla mkono wa kulia haujakubali kushika mkasi, na ukishika, nikikata mita tatu unaniachia. Mimi huyu niliyekuwa nakata mashati ishirini kabla ya chai ya saa nne. Vidonge vya kila Jumapili nimevimeza miezi kumi na moja, na naona vinasaidia tumbo kuuma tu. Daktari wa viungo, mpole, anaongea kama anaomba radhi, amesema tujaribu sindano. Kila wiki mbili, najidunga mwenyewe tumboni. Anasema inazuia kitu kinaitwa TNF. Nilipomuuliza ni nini alinichorea miduara mitatu na mishale, nikaitikia kama nimeelewa. Sijaelewa. Wewe ndiye uliyesomea damu, na nilishona sare za shule mbili nzima ili uisomee. Nielezee kwa maneno ya watu.

La mwisho. Kabla ya sindano wamenipa fomu ya maswali ishirini na mawili. Ishirini na moja niliyamaliza nikiwa bado kwenye benchi. Moja limenikwamisha: "Je, umewahi kuishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu?" Mimi naumwa vidole. Kifua kimeingiaje hapo?

Nijibu upesi. Fomu inatakiwa tarehe ishirini na moja.

Dada yako,
Fundi


12 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Simu hizo nami nimezihesabu, nimepata hamsini na moja, lakini sibishani na mtu mwenye tepu shingoni. Nisamehe.

Haya, weka mkasi chini. Seli za kinga mwilini hazina mnyapara. Zinaitana zenyewe, na zinaitana kwa kutoa protini ndogondogo ambazo kwa jumla tunaziita saitokini. Ziko nyingi, kila moja na ujumbe wake. TNF ni mojawapo, na ujumbe wake ni mfupi: njooni hapa, pana adui. Ukijichoma sindano ya kushonea, mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba. Hapo TNF na wenzake wameshafika kazini. Bila wao, kidonda kidogo tu kingekumaliza.

Ubaya ni kwamba kwenye viungo vyako wito huo unatolewa kutwa kucha na adui hayupo. Seli zinakuja mbio, hazikuti mtu, na kwa kuwa zimekuja na silaha zao zinageukia gegedu na mfupa. Sindano yako inainasa TNF kabla haijafika inakokwenda. Wito haufiki, uvimbe unashuka. Nimewaona wagonjwa walioletwa hapa kwenye kiti cha magurudumu, baada ya miezi mitatu wanapanda ngazi zetu na kulalamika kwamba foleni ni ndefu.

Swali la kifua si la ajabu, tena ndilo kubwa kuliko yote. Bakteria wa kifua kikuu wakiingia mapafuni, mara nyingi kinga haiwamalizi. Inawazungushia seli, moja juu ya nyingine, mpaka wanakuwa ndani ya ukuta. Wanalala humo miaka na miaka. Mtu haumwi, haambukizi, hajui hata. Na anayeziambia seli za ukuta zisitawanyike ni huyo huyo TNF. Ukimwondoa, ukuta unabomoka na waliolala wanaamka. Kwa hiyo mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa anapewa kwanza dawa za kuzuia, anasubiri kama mwezi, ndipo aanze sindano.

Kwetu hilo halipo. Baba alikufa kwa vumbi la saruji, unajua kuliko mimi. Andika hapana, uendelee.

Nina ombi moja la kikazi. Tepu yako haikosei nusu sentimita, basi nitumie vipimo. Kila siku ya sindano andika safu tatu: tarehe, kifundo cha kidole cha kati cha kulia, na mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Mkono wa juu hauna kiungo cha kuvimba. Ukibaki palepale, tutajua kidole kimepungua kwa sababu ya dawa na si kwa sababu umekonda. Hivyo ndivyo tunavyofanya maabara, kila kipimo kina mlinzi wake.

Mdogo wako,
Profesa, kama mnavyonikejeli


19 Februari (haikutumwa)

Mdogo wangu,

Baba hakufa kwa vumbi la saruji. Saruji alibeba, hilo kweli, lakini kilichomuua ni kifua kikuu.

Mama alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo nilimuuguza mimi, nina miaka kumi na minne, kwa miezi saba, katika chumba kimoja. Wewe ulikuwa na sita. Hospitali walimpa dawa, akazinywa wiki tano akaacha, kwa sababu ilibidi aende kuzinywea kwenye dirisha la dawa kila asubuhi mbele ya muuguzi, na mwenye nyumba alikuwa anapita njia ile ile. Akasema tukijulikana tutatolewa, na shangazi hatakubali kukuchukua. Ndipo tukasema saruji. Shangazi akakuchukua. Baada ya mazishi niliendelea kusema saruji kwa sababu nilishaanza. Kisha kwa sababu ulikuwa shule. Kisha kwa sababu ulishasomea damu, na ningeonekana mpumbavu.

Nimepiga hesabu. Ni miaka thelathini na miwili. Sijawahi kukohoa zaidi ya mafua. Wamenichoma kipimo cha ngozi mkononi, baada ya siku mbili wakakisoma, hakuna kitu. Picha ya kifua safi. Kilicholala miaka thelathini na miwili kimeshakufa, hakuna usingizi wa namna hiyo. Nikiandika ndiyo, nangoja mwezi, na mwezi mmoja sina: mkasi unanianguka mbele ya wateja. Na nikimwambia daktari lazima kwanza nikuambie wewe.

Nitaituma kesho asubuhi.

Fundi


20 Februari

Mdogo wangu,

Fomu nimeirudisha, siku moja kabla. Lile swali nimeandika hapana, kama ulivyosema.

Sindano ya kwanza ni tarehe saba mwezi wa tatu. Vipimo utavipata. Mlinzi wako nimemwelewa, mkono wa juu, nimeweka alama ya kalamu ili nisipime juu leo na chini kesho.

Usile vibandani kila siku.

Fundi


14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, ile ya mwezi wa pili nilisahau kuiitikia.

Vipimo ndivyo hivi:

7 Machi, kidole 7.4, mkono 31.
21 Machi, kidole 7.0, mkono 31.
4 Aprili, kidole 6.8, mkono 30.5.

Sipendi kusifu dawa kabla sijaimaliza, lakini leo asubuhi nimehesabu dakika sita. Sita, kutoka arobaini. Nimekata mashati kumi na moja na mkasi haujaanguka. Mwenzangu wa matundu na vifungo, tunamwita Mama Vifungo, aliniambia, "Fundi, leo unakata kama una deni la mtu," nikamwambia nyamaza ushone. Kisha nikaenda nyuma ya pazia la kupimia nguo nikalia kidogo. Hilo nakwambia wewe tu.

Daktari ananiita mgonjwa wake bora. Kwa umri wangu hiyo ndiyo sifa inayobaki.

Fundi


27 Aprili

Dada,

Shikamoo tena, na pongezi. Nimechukua karatasi ya vijimraba nikachora kidole chako. Mstari unashuka vizuri mno, kama mtu anayejua njia ya kwake. Nimeubandika ukutani juu ya mashine ya kuzungushia damu. Wenzangu wanauliza, "Huyu nani?" nawajibu, "Kidole cha dada yangu." Mkuu wa maabara ameupenda, anataka niuelezee kwenye kikao cha mwezi wa sita: mgonjwa aliyejipima mwenyewe kwa tepu ya fundi.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii naona namba ikiwa na uso. Maisha yangu yote wewe ndiye umekuwa ukinipa. Acha nijidai kidogo kwamba safari hii na mimi nimekupa kitu, hata kama ni ushauri tu.

Endelea kutuma.

Profesa


20 Mei

Mdogo wangu,

18 Aprili, kidole 6.7, mkono 30.
2 Mei, kidole 6.6, mkono 29.
16 Mei, kidole 6.5, mkono 27.5.

Kazi ni nyingi, joto limezidi, nimechoka kidogo. Kidole ni cha msichana. Wape salamu hao wa kikao, waambie mwenye kidole anataka nakala.

Fundi


6 Juni. HARAKA

Dada,

Nimekupigia tangu asubuhi mara tisa, simu imezimwa.

Kikao ni wiki ijayo. Jana nilikaa kuchora mchoro wa kupeleka, na mchoro wa kikao lazima uwe na mistari miwili, kidole na mlinzi wake. Ndipo nilipochora mkono wa juu. Barua mbili umenitumia namba hiyo na sikuwahi kuichora. Nilikuwa nachukua safu ya kidole nafurahi, nafunga barua. Sentimita tatu na nusu, Dada. Mtu hapungui hivyo kwa joto. Nilikuambia mwenyewe, kwa mkono wangu, safu ile ni ya kujua kama unakonda, kisha sikuisoma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akinifanyia hivyo namrudisha nyumbani.

Nijibu haya bila kunificha. Unapata homa jioni? Unatoka jasho mpaka shuka linalowa? Unakohoa, au kifua kinabana upande mmoja? Sindano inayofuata usijidunge. Nenda hospitali leo, si kesho, na barua hii umpe daktari mkononi. Mwambie mdogo wangu anauliza kama mmetafuta kifua kikuu. Ninajua ulisema hapana. Lakini mtu anaweza kukipata kwenye foleni ya benki, na kipimo cha ngozi wanachochoma kabla ya sindano hudanganyika kwa mtu anayetumia dawa za kupunguza kinga kama zile zako za Jumapili. Ndiyo maana huwa wanauliza pia kwenye fomu.

Naomba jibu kwa njia yoyote.

Mdogo wako


11 Juni

Profesa, mwanangu,

Hatujuani ila kwa kusimuliwa. Mimi ndiye Mama Vifungo wa karakana. Bahasha yako imefika jana, imeandikwa HARAKA, na mwenyewe yuko wodini tangu tarehe nne, kwa hiyo nimeifungua. Ukitaka kunigombeza nigombeze baadaye.

Nikueleze yote. Alianza na homa za jioni mwezi wa nne mwishoni. Ikifika saa kumi na moja anafunga karakana mapema, eti umeme mdogo. Shuka zake zilikuwa kwenye kamba kila asubuhi. Gauni lake la bluu amelipunguza mara mbili, nikamwuliza, akasema mitindo imebadilika. Mitindo gani ya mtu wa miaka arobaini na sita? Nikamwambia nakupigia wewe, akasema nikikupigia nitafute karakana nyingine. Unamjua alivyo.

Tarehe nne alikuwa anakata, akaweka mkasi taratibu mezani, akakaa chini juu ya vipande, akasema, "Nipeni dakika mbili." Hakuinuka. Hospitali wamemtoa maji kifuani, lita moja na robo, upande wa kushoto. Wamepima hiki na kile, daktari wa viungo anakuja mara mbili kwa siku na uso wake umekuwa mdogo.

Jana nimemsomea barua yako. Nilipofika pale pa kifua kikuu aliniambia, "Rudia." Nikarudia. Kisha akasema, "Niitie daktari, na wewe toka nje." Walikaa dakika ishirini. Daktari alipotoka aliniuliza tuko wangapi kwenye chumba kile na kina madirisha mangapi. Mwanangu, mimi si msomi, lakini hapo nilielewa.

Dawa wameanza leo. Amekula uji nusu bakuli. Amesema nikuandikie kwamba kuna barua yako nyingine atakayokutumia mwenyewe, akipata nguvu ya kukaa.

Mama Vifungo


28 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa. Naandika kwenye ubao wa kulia chakula, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Humu ndani kuna karatasi ya tarehe kumi na tisa Februari. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umerudi? Basi. Sitajitetea. Niliiandika, nikaifunga, nikaiweka kwenye droo ya nyuzi. Kesho yake nikaandika ile nyingine fupi. Uliniambia andika hapana kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha saruji. Nilikuuliza swali nikijua jibu utakalonipa, ili nikiandika hapana iwe umesema wewe. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na mimi hesabu huwa sikosei, nilikosea kitu cha kuhesabu.

Na usijibebeshe lawama ya mkono wa juu. Safu ile hukuisoma, kweli, na hilo nitakukumbusha mpaka uzeeke. Lakini mimi niliushika mkono huo kila wiki mbili. Nilikuwa naona tepu inazunguka inabaki. Nilikuwa najua. Nilikuandikia namba nikanyamaza, nikajiambia nimeshamwambia.

Vidonge ni vinne kila asubuhi kwa miezi miwili, kisha viwili kwa miezi minne. Nakunywa kitandani mbele ya muuguzi, kama Baba pale dirishani. Siku ya kwanza nilimfikiria pale kwenye foleni nikashindwa kumeza, mpaka muuguzi akasema, "Mama, au nikusagie?"

Sindano imesimama. Uvimbe wa vidole umeanza kurudi, 6.9.

Hujapiga simu hospitali tangu Mama Vifungo akuandikie. Anasema alikupigia ukapokea, ukamsikiliza, ukashukuru, ukakata. Sikulaumu. Nakuhesabia tu, ni tabia.

Fundi


20 Julai

Dada,

Shikamoo.

Nimeandika barua tatu nimezichana. Hii ni ya nne, na ikiwa mbaya nitaituma hivyo hivyo.

Jambo la kwanza nililofanya niliposoma karatasi yako ni kujitoa damu. Kipimo chetu ni hivi: tunachukua seli za mtu, tunazionyesha vipande vya yule bakteria kwenye kichupa. Kama hazijawahi kukutana naye, zinanyamaza. Kama zinamjua, zinatoa saitokini nyingine, inaitwa interferoni gama, nasi tunaipima. Mpaka wetu ni 0.35, juu ya hapo zinamjua. Mimi nimepata 4.1. Nilirudia kwa mikono ya mwenzangu, 3.9. Picha ya kifua safi, siumwi, nitakunywa dawa za kuzuia. Siwezi kuapa kwamba niliambukizwa na Baba, nimeshika makohozi ya watu miaka kumi na minne. Lakini nilikaa nikaitazama namba ile. Huenda seli zangu zilikuwa zinajua alikufa kwa nini wakati wote huu, na mimi mwenye digrii nilikuwa nasema saruji. Mwaka wa pili chuoni niliandika insha juu ya vumbi la saruji na mapafu, kwa ajili yake. Nilipata alama themanini na moja. Ulinipongeza.

Hasira yangu haiko kwenye fomu. Ya fomu nimeyamaliza, uliogopa mkasi, ningekuwa wewe ningeogopa. Hasira yangu ni hii. Ninachokumbuka juu ya Baba ni kidogo sana, na chote kiko mlangoni. Kulikuwa na mstari wa chaki kwenye kizingiti, na mimi nilikuwa siruhusiwi kuuvuka. Wewe unaingia na kutoka, mimi nasimama. Ananiambia, "Fungua mdomo nikuone," nafungua, ananitazama kama mtu anayekagua mbuzi, kisha anasema, "Nenda." Halafu nikapelekwa kwa shangazi. Nimekuwa na baba wa namna hiyo miaka thelathini na miwili, Dada. Baba asiyenitaka karibu. Nimeshindwa kumwambia mke wangu neno moja zuri juu yake. Wewe ulikuwa na maelezo yote mfukoni, neno moja tu lingetosha, na uliliacha kwa sababu ya mwenye nyumba ambaye ameshakufa.

Kwa hiyo nauliza, na safari hii nijibu ndiyo au hapana kama kwenye fomu, halafu ueleze. Alinipenda?

Mdogo wako


16 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na nane. Nianze na mepesi.

Nimerudi nyumbani. Mkono wa juu 28.5, unapanda. Kidole 7.3, nacho kinapanda, mwanaharamu. Daktari amesema nikivumilia mpaka kifua kitulie vizuri tutazungumza juu ya dawa nyingine isiyogusa TNF, au hata ile ile, taratibu, nikiwa chini ya uangalizi. Nimemwambia nitamaliza miezi sita kwanza. Nakata kwa mdomo siku hizi: nachora chaki, Mama Vifungo anakata, mimi namgombeza. Ameanza kukata vizuri kuliko nilivyotarajia na hilo limeniuma kuliko vidole.

Mafundi nimewaambia mwenyewe, wote sita, wamekaa kwenye cherehani zao. Nimesema ugonjwa kwa jina lake, na nimesema tangu lini. Wamepimwa. Wanne hawana kitu. Wawili vipimo vyao vimeitikia kama chako, hawaumwi, wanakunywa dawa za kuzuia. Wa overloki ameondoka, alikuwa mmoja wa wale wanne. Alisema hawezi kukaa na mtu aliyemwachia avute hewa yake miezi miwili akijijua hayuko sawa. Ana haki yake. Wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja alivishika kwa mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimejiandaa kwa watu ishirini. Wamekuwa wawili. Kwa hofu ya watu wawili, Baba aliacha dawa wiki ya tano.

Sasa swali lako. Ndiyo.

Maelezo. Ule mstari aliuchora Baba mwenyewe, siku aliyopewa majibu. Alitoka hospitali, akaomba chaki kwa watoto wa jirani, akapiga magoti kizingitini akachora, akaniambia, "Huyu mdogo asivuke hapa hata akilia. Akilia mtoe nje, lakini asivuke." Mimi hakunichorea mstari. Mtu lazima amlishe. Kwa hilo nilimkasirikia miaka mingi kuliko wewe, na pengine ndiyo maana neno lako sikulitoa mfukoni. Wewe ulilindwa. Mimi niliachwa ndani. Nilitaka niwe na kitu kimoja cha Baba ambacho wewe huna, nikachagua hicho. Hilo sijawahi kulisema hata peke yangu.

Hiyo ya kufungua mdomo yalikuwa meno. Ulikuwa umeanza kung'oa ya utoto, na kutoka pale kitandani macho yake hayakufika vizuri, ndiyo maana alikuwa anakukodolea. Ukishaenda alikuwa ananiuliza, "Yamefika mangapi?" Namwambia. Jingine lilipong'oka alicheka mpaka akakohoa, nikamgombeza. Ulipoondoka yalikuwa manne. Kila wiki shangazi alituma salamu na mimi nilikuwa naulizia meno, akadhani nina akili mbovu. La tano lilifika akiwa bado anasikia. La sita nilimwambia tu, sijui kama alisikia.

Ulipong'oa mengine mawili ya juu, nilikuwa nimeshamzika wiki mbili, na bado nilirudi chumbani nikitaka kusema nane.

Likizo yako inaanza lini? Daktari ameandika kwenye karatasi kwamba siambukizi mtu, nimeibandika juu ya meza ya kukatia. Njoo na mkeo. Ukifika usisimame mlangoni kupiga hodi. Ingia mpaka ndani.

Dada yako